Nafasi ya Mke Mmoja

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi. Kwa miaka kumi na mbili alipeleka nazi, sukari na majora ya vitambaa vya watu kila mahali, isipokuwa mahali alipotaka kwenda mwenyewe. Tulikaa Temeke, wakati Temeke bado ni mihogo na minazi na nyumba za udongo zilizoachana mbalimbali. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, petroli imeanza kupatikana, na tajiri wake alikuwa amemwachia gari dogo jeusi ambalo wanawe hawakulitaka tena. Mume wangu alilifungua lote uani, akalifunga tena, na siku lilipowaka aliliosha kwa sabuni niliyoiweka kwa ajili ya nguo zangu za Idi. Wakati huo nilikuwa bado nafurahi akifurahi.

Wiki chache baadaye alirudi kutoka kazini na karatasi kubwa iliyokunjwa mara nyingi. Ilikuwa ramani.

"Tajiri kaenda Kenya," aliniambia. "Yeye na mkewe na wanawe, kwa gari. Wiki tatu."

"Kununua nini?"

"Hakununua kitu. Kaenda kutazama."

"Kutazama nini?"

"Nchi! Wanaendesha, wanasimama, wanakula, wanatazama, wanaendesha tena. Unajua mie nimeendesha miaka mingapi sijawahi kusimama nikatazama? Na mie nakwenda."

Ndivyo safari ilivyoanza. Yeye alijua kuendesha lakini hakujua kusoma. Mie nilijua, kwa sababu baba yangu alikuwa karani wa forodha na hakujaliwa mtoto wa kiume, basi akanifundisha herufi mimi jioni baada ya kazi. Tukatandika ramani juu ya mkeka, tukaizuia pembe kwa mawe ya kusagia, naye akawa anafuata barabara kwa kidole.

"Hapa?"

"Morogoro."

"Hapa?"

"Korogwe. Halafu Same, halafu Moshi."

"Na hapa?"

"Namanga. Hapo ndipo Kenya inapoanza."

Alikiweka kidole chake pale Namanga, akakiacha kwa muda, taratibu, kama anayemgusa mtoto paji la uso kupima homa. Kisha akataka niendelee: Kajiado, Nairobi, Naivasha, Nakuru, mpaka Kisumu kwenye ziwa. Kila jina alilitakia habari zake. Nikamkumbusha zile chache alizomsikia tajiri wake akisimulia, za bonde ambalo barabara inalishukia kwa kuzungukazunguka na za miji yenye baridi ya asubuhi, nyingine nikatunga. Niliandika kila kitu katika daftari: tutalala wapi, tutapumzika wapi, jamaa gani wa pwani wanakaa mji gani na watatupokea. Nikashona mito miwili ya sufi ya kuegemea. Miezi miwili ile ya mwanzo, nakiri, ilikuwa miezi mizuri kuliko yote ya ndoa yangu.

Lakini hatukuwa wawili katika nyumba ile. Tulikuwa watatu.

Nilikuwa nimekaa na mume wangu miaka tisa bila kuzaa, ndipo akaoa mke wa pili, msichana wa Kisarawe ambaye hakuwa ametimiza hata miaka ishirini. Alikuwa mwepesi wa kucheka. Aliniita dada, alinisalimia kwa shikamoo kila asubuhi akiwa amepiga goti kidogo, na alipika wali mbaya akaula mwenyewe kwa furaha. Hatukugombana hata siku moja. Nilimchukia kimyakimya na kwa utaratibu, kama mtu anavyofagia uwanja wake, kila siku na kila pembe.

Siku moja ya Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, mume wangu alituita sote wawili.

"Gari lina nafasi ya mke mmoja," alisema. "Nyuma ni madebe ya petroli, maji, tairi na mablanketi. Sitaki watu waseme nimependelea. Atakayefaa ndiye atakayekwenda."

"Kufaa vipi, bwana?" nikauliza.

"Nitawajaribu."

Nilimkumbusha kwamba dini imeshatuonyesha njia, kwamba mume akitaka kusafiri na mmoja kati ya wakeze, apige kura baina yao.

Akacheka. "Kura inakwisha kwa dakika moja," alisema.

Nikamwelewa. Alikuwa ameona kwamba safari ile, kabla hata gari halijatoka uani, ingeweza kumpatia raha nyingi. Na ilimpatia. Alikandwa miguu na huku na huku. Alikuwa akila kwangu anasema samaki wa mwenzangu alikuwa na nazi nzito zaidi. Akila kwa mwenzangu anasema mie nimeamka alfajiri kumpasia kanzu. Rafiki yake mmoja, fundi wa magari wa Keko, alikuwa akija kila Jumapili na kuuliza kwa sauti ya barazani, "Nani yuko mbele leo?" Naye anamjibu, nasi tunasikia ndani.

Jaribio la kwanza alilolitangaza lilikuwa la miji. Alisema mke wa kusafiri naye lazima ajue njia kwa moyo, ili yeye awe anaendesha bila kuuliza. Akatupa siku kumi.

Ilikuwa ni upuuzi, maana mie ndiye niliyeandika njia yenyewe. Mwenzangu alilijua hilo. Siku ya pili yake alikuja jikoni kwangu, akachuchumaa, akaanza kunichambulia mchele bila kuombwa.

"Dada," alisema, "nifundishe."

"Nikufundishe unishinde?"

"Siwezi kukushinda, dada. Nataka nisiaibike tu. Mie zaidi ya njia ya Pugu, ya kwetu, sijapita pengine. Majina yale nikiyasikia tu napenda."

Nikamwambia akae. Nikamfundisha siku nane, kila alasiri, mume wetu akiwa kazini. Na nilimfundisha uongo.

Kutoka Morogoro hadi Arusha nilimpa majina ya kweli, kwa kuwa hayo angeweza kuyasikia kwa mtu yeyote. Baada ya mpaka nikabadilisha, isipokuwa Nairobi ambayo kila mtu anaijua. Kajiado nikaiita Kijidudu. Naivasha nikaiita Naivisha, Nakuru nikaiita Nakula, na Kisumu nikaigeuza Kisununu. Aliposema Nakula alicheka mwenyewe, akaniuliza kama watu wa mji ule ni walafi. Nikamwambia ndivyo, wanasifika kwa hilo. Alifumba macho, akayarudia yote kwa mpangilio, akihesabu kwenye vidole. Alikuwa na kichwa kizuri kuliko changu. Laiti angepata baba kama wangu angekuwa mwalimu.

Siku ya jaribio mume wangu aliwaita fundi wa Keko na wanaume wengine wanne wa jirani, wakakaa barazani. Sisi tulisimama mlangoni tumejitanda kanga. Mie nilitangulia, nikasema miji yote bila kukosea, wakaguna kwa heshima. Kisha akaitwa yeye.

Alianza vizuri. Morogoro, Korogwe, Same, Moshi, Arusha, Namanga. Sauti yake ilipata nguvu kila alipokwenda mbele.

"Kijidudu," alisema.

Fundi aliinua uso. Mume wangu akamwashiria anyamaze. "Endelea."

"Nairobi. Naivisha. Nakula. Kisununu."

Walicheka mpaka mmoja akateremka barazani akaenda kujishika kwenye mnazi. Fundi alikuwa anafuta machozi kwa shuka, akisema, "Bwana, ukifika Nakula usisahau kutuletea kiporo!" Mume wangu alicheka kuliko wote. Mwenzangu alidhani amekosea jina moja tu. Akarudia, polepole zaidi, ili ajisahihishe, na wao wakaanza upya.

Kisha akanitazama. Nilitazama chini, kwenye kidole changu cha mguu. Nilihisi raha, raha kamili, kama ya kunywa maji wakati wa kufuturu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Majuto yalikuja baadaye, na yalichukua muda wake.

Hakuniuliza kitu. Kesho yake asubuhi alinisalimia kama kawaida, goti kidogo, shikamoo dada. Lakini hakuja tena jikoni kwangu, na watoto wa mtaa wakawa wakimwona kisimani wanamwita Bibi Nakula.

Karibu wiki tatu zikapita hivyo. Asubuhi moja nilimkuta nyuma ya choo ameinama, anatema mate, na mkononi ameshika kipande cha udongo wa kichuguu alichokuwa akikitafuna. Hakuwa na pa kukificha. Tulitazamana.

"Miezi miwili," alisema. "Dada, nakuomba. Usimwambie bwana. Ngoja mimba ishike kwanza. Nyumbani kwetu watu wamekwishapoteza kwa kusema mapema."

Nikamwambia sitasema. Na ahadi ile niliishika, na ndiyo ahadi mbaya kuliko zote nilizopata kuzishika.

Maana jioni ileile mume wangu alitangaza jaribio la pili. Alisema hakuna faida ya mke anayejua njia halafu anatapika njiani. Jumapili angetupakia sote wawili, gari likiwa na mzigo wake wote kama safari yenyewe, atuendeshe mpaka Kibamba kwenye barabara ya Morogoro na kurudi. Atakayetapika atabaki nyumbani.

Mwenzangu alikuja mlangoni kwangu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya barazani.

"Nikatae?" aliuliza. "Nikisema siendi, ataniuliza kwa nini."

Ningeweza kumwambia akatae. Ningeweza kwenda mwenyewe kwa mume wetu nikamwambia mkeo hawezi, usimuulize sababu. Badala yake nilimwambia, "Nenda tu. Hewa ya kwenye gari ni nzuri kwa mwenye mimba. Inatuliza tumbo."

"Kweli, dada?"

"Kweli."

Hata sasa sijui kama aliniamini au alichoka kutokuniamini.

Jumapili ile jua lilikuwa kali mapema. Mie niliwekwa kiti cha mbele kwa kuwa nilishinda jaribio la kwanza. Yeye alikaa nyuma, amebanwa kati ya madebe ya petroli na mlango, tairi la akiba likiwa limemlalia magotini. Tulipita mjini, tukapita Magomeni, na kabla ya Ubungo harufu ya petroli ilikuwa imejaa gari zima. Hata mie, mwenye tumbo gumu, nilikuwa nameza mate.

"Bwana," alisema kutoka nyuma, "simama kidogo."

"Safari ya Kenya haina kusimama kidogo."

Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo. Nilimsikia akipumua kwa mdomo. Nilimsikia akisoma kitu, dua au majina, sikutambua. Kisha akatapika, kwenye kanga yake, kwenye mablanketi, kwenye mto mmoja wa sufi. Mume wangu hakusimama. Alifungua dirisha lake, akaongeza mwendo, na tukaenda hivyo mpaka Kibamba, yeye nyuma akitapika mpaka hana cha kutapika.

Kibamba wakati ule ilikuwa vibanda vichache vya wachoma mkaa na msitu kuanzia hapo. Mume wangu alisimamisha gari chini ya mti, akateremka, akafungua mlango wa nyuma.

"Shuka. Osha."

Akamwonyesha kidimbwi kando ya barabara. Mwenzangu alishuka, akachota maji kwa kopo, akaosha kiti, akaosha mto, akafua mablanketi na kuyakamua. Alipokaribia mlango ili apande, mume wangu aliufunga.

"Utarudi kwa miguu," alisema. "Ujue umbali wa nchi."

Nilidhani ni mzaha. Nadhani na yeye mwenyewe alidhani ni mzaha, mpaka alipokuwa ameshawasha gari na hakuna aliyemwambia aache. Alinigeukia. Ninakumbuka vizuri kwamba alinigeukia, akaningoja. Neno moja tu lingetosha.

Nikasema, "Twende, jua linazidi kuwa kali."

Tukaondoka. Sikugeuka nyuma. Kwa kuwa gari lile lilikuwa na kioo kidogo mbele, nilimwona hata bila kugeuka, amesimama na kopo mkononi, hajajaribu kutukimbilia.

Hakurudi siku ile. Hakurudi siku ya pili. Mume wangu alisema ameenda kwao kununa, Kisarawe si mbali na Kibamba kwa njia ya porini, na atakaporudi atakuwa na adabu. Wakati huo tulikuwa tumekwishapanga siku ya kuondoka. Alikuwa amepata likizo yake kwa tajiri. Nilikaanga visheti, nikatengeneza kashata, nikachemsha mayai, nikashona mto mwingine mahali pa ule ulioharibika. Mikono yangu ilifanya kazi vizuri. Nilikuwa nimeshinda, nikawa najiambia mambo mengine tutayamaliza tukirudi.

Asubuhi ya kuondoka, gari likiwa limepakiwa na fundi wa Keko amekuja kukagua injini mara ya mwisho, mtu alipiga hodi uani. Alikuwa kaka wa mwenzangu. Alikuwa na vumbi mpaka magotini. Hakukaa alipokaribishwa.

"Shemeji," alimwambia mume wangu, "nimetumwa na mama. Dada yangu aliokotwa njiani na wachoma mkaa. Walimlaza kwao siku mbili, halafu wakamleta kwetu juu ya machela. Mimba imetoka. Mama anasema uandike talaka, nimpelekee."

Mume wangu alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia kioo. "Mimba gani?"

"Yako."

Fundi alifunga mfuniko wa injini taratibu, bila kuubamiza. Miaka kumi na moja mume wangu alikuwa akingoja mtoto, na wote waliosimama pale walijua.

"Hakuniambia," alisema.

"Alimwambia mkeo mkubwa," kaka alijibu. Hakunitazama hata alipolisema hilo.

Mume wangu alinigeukia. "Ulijua?"

"Sikujua," nikasema.

Nililisema haraka mno. Alinitazama, na niliona hakuniamini. Niliona pia kwamba anatafuta pa kuuweka mzigo ule, na kwamba amekwishapapata. Toka siku ile hakuwahi, hata mara moja, kusema kwamba yeye ndiye aliyefunga mlango wa gari.

Alimwita jirani aliyejua kuandika. Hakuniita mimi. Talaka iliandikwa pale pale barazani, kaka akaikunja, akaiweka kwenye kofia yake, akaondoka bila kunywa hata maji.

Nilidhani safari imekufa. Nilianza kushusha kikapu cha visheti.

"Acha hapo," mume wangu alisema. Akafungua mlango wa mbele, akatoa furushi langu la nguo na ule mto mpya, akaviweka chini, juu ya mchanga. Kisha akamwambia fundi, "Panda."

"Mie?" fundi aliuliza. "Sina hata nguo."

"Utavaa zangu. Panda."

Fundi alinitazama kwa aibu, akapanda. Daftari langu lilikuwa juu ya dashibodi. Nikakumbuka kwamba fundi naye alijua kusoma kidogo. Mume wangu aliwasha gari, likatoka uani, likakata kona ya shamba la mihogo, na majirani waliokuja kutuaga wakabaki wakinitazama nimesimama na furushi miguuni. Mwanamke mmoja akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Walikaa wiki tatu. Walifika mpaka Kisumu, hilo nililisikia kwa watu, kwa maana alisimulia barazani kwa miezi, ile baridi, lile bonde, lile ziwa lisilo na ng'ambo. Kwangu hakusimulia kitu. Nikileta kahawa alikuwa ananyamaza mpaka niondoke. Hakunipa talaka. Nilipoiomba alisema, "Ukae. Uko sawa hapo ulipo." Nilikaa naye miaka kumi na tisa mingine, nikimpikia na kumfulia, mpaka alipokufa. Hakuoa tena, na hatukupata mtoto.

Yule mwenzangu nilimwona mara moja tu. Ilikuwa kama miaka saba baada ya safari, Kariakoo, upande wa mboga. Alikuwa amenenepa kidogo, na alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine wa kike amemshika mkono. Nilimwona kabla hajaniona, nikawa na nafasi ya kuondoka, nikashindwa kuondoka.

"Shikamoo dada," alisema.

"Marahaba."

"Bwana hajambo?"

"Hajambo."

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia kwa miaka yote ile. Nilikuwa nayo kichwani yamepangwa vizuri. "Siku ile ya Kibamba," nikaanza.

"Dada," alinikatiza kwa upole, kama mtu anayemzuia mgeni asihangaike kunyanyuka, "jua limepanda, na hawa hawajala."

Akamwambia binti yake anisalimie. Mtoto akanipa shikamoo, kisha akamuuliza mama yake mimi ni nani.

"Tulikaa nyumba moja zamani," alimjibu.

Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Nilitafuta hasira ile, ningeishika kwa mikono miwili, sikuiona. Akageukia meza ya mboga na kuanza kuchagua bamia, akizivunja ncha moja moja kuona kama ni changa. Nilibaki nimesimama nyuma yake na kikapu changu kitupu, mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua, na kama sinunui, niwapishe wanaonunua.